Boksi la Waliopona

Mistari kumi na mmoja. Mke aliihesabu mara mbili akidhani labda kuna karatasi nyingine imebaki mezani, akageuza nyuma, akakuta weupe mtupu. Mwanamume mzima wa miaka arobaini na sita, aliyesoma miaka mitano namna ya kunyoosha migongo ya watu, kisha akaifanya kazi hiyo miaka minane bila kukosa siku, alikuwa amejieleza kwa mistari kumi na mmoja. Na wa kwanza ulikuwa jina lake.

"Baba watoto, hii ndiyo sivii?"

"Ndiyo hiyo."

"Hapa umeandika, 'Nimewahi kufanya kazi katika kliniki.' Umewahi? Kama mtu aliyepita kuomba maji ya kunywa?"

Mume alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mgongo umenyooka kama kawaida yake. "Sasa niandike nini? Kazi niliifanya, walioiona waliiona. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Basi wewe ni chema cha ajabu, maana una miezi saba dukani na hujapata mnunuzi."

Neno lilimtoka kabla hajalipima, na mara tu lilipotoka akajua limechoma. Mume aliichukua ile karatasi, akailaza vizuri, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Miezi saba nyuma mwenye kliniki alihamia nchi nyingine, akafunga mlango na kuwaachia wafanyakazi barua ya shukrani. Tangu hapo Daktari Mgongo, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa anaamka alfajiri, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, halafu anakaa sebuleni. Nyumba ililishwa na cherehani ya mkewe. Sasa lilikuwa limetoka tangazo: kliniki mpya inatafuta tabibu wa uti wa mgongo, mmoja tu, maombi yafike kwa mkono kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Na lau ingekuwa tangazo peke yake, mke angevumilia. Lakini kaka yake mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameshajitolea kusaidia. Shemeji aje mwanzo wa mwezi akae getini, aandike namba za magari yanayoingia na kutoka. "Kazi ya kukaa tu," alisema kaka mbele ya wapakiaji wake. "Si yeye mtaalamu wa kukaa wima?" Wapakiaji walicheka. Mume naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichomuuma mke kuliko vya wengine wote. Juzi tu kaka alileta kitambaa cha kaki, mita tatu na nusu, ili dada amshonee mumewe sare ya mlinzi. Kilikuwa kimekunjwa juu ya cherehani, na kila alipotaka kushona gauni la mteja ilimbidi kwanza akisogeze.

Binti yao, aliyekuwa kidato cha nne na mdomo wa kidato cha sita, alilichukua tangazo akalisoma kwa sauti. "'Mwombaji aoneshe matokeo ya kazi yake kwa takwimu.' Baba, wanataka namba."

"Namba gani? Ya viatu?"

"Ya watu uliowaponya, Baba. Wangapi?"

Mume alitazama mikono yake, kiganja kimoja baada ya kingine. "Mtu haponi mbele yako, mwanangu. Anashuka kitandani, anavaa viatu, anakwenda zake. Nitajuaje?"

"Ahaa," alisema mke taratibu. "Lakini yupo anayejua."

*

Dada Kadi alikuwa mpokeaji wa wagonjwa kwenye ile kliniki, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kupita mbele yake bila kuandikiwa kadi. Kliniki ilipofungwa aliambiwa azichome zote. Alizibeba mpaka nyumbani kwake, akazisukuma chini ya kitanda.

"Nilishindwa kuwasha kiberiti," alimwambia mke siku ya Jumatano asubuhi, akiwa amepiga magoti anavuta maboksi. "Haya ni majina ya watu, dada yangu. Utachomaje jina la mtu?"

Yalikuwa maboksi mawili ya sabuni. Moja dogo, limeandikwa kwa kalamu nene: WANAENDELEA. La pili lilikuwa kubwa mpaka limepasuka kona: WAMEPONA.

Wakakaa sakafuni, miguu wameinyoosha, wakahesabu. Kila kadi hamsini walizifunga kwa ukanda wa kitambaa ambao mke aliutoa kwenye mkoba wake wa ushonaji. Walihesabu mpaka kiuno kikamuuma mke, akacheka mwenyewe kwamba atamhitaji mumewe. Walipomaliza, boksi la wanaoendelea lilikuwa na kadi thelathini na tisa. La waliopona lilikuwa na mia sita na kumi na moja.

"Mia sita!" Mke alijishika kifua. "Jamani, mwanamume huyu! Watu mia sita na kumi na mmoja amewasimamisha wima, halafu anakuja kuniandikia 'nimewahi'!"

"Ndivyo alivyo," alisema Dada Kadi. "Hata ukimsifia alikuwa anageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake."

Mke aliomba fungu moja la kadi hamsini za waliopona aende kumwonesha mumewe, akakubaliwa kwa sharti kwamba zirudi zote. Alitoka pale mwepesi, mtu ungedhani kazi imeshapatikana.

*

Alipitia moja kwa moja steshenari. Mwenye steshenari alikuwa mzee wa miwani mizito aliyeitwa Bwana Nakala, na nusu ya mtaa ilikuwa imepata kazi, au imekosa, kwa maneno yake. Wasifu wote aliochapa ulianza vilevile: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa."

"Hayo toa," aliamuru mke. "Andika hivi: Tabibu wa uti wa mgongo, uzoefu miaka minane. Amehudumia wagonjwa mia sita na hamsini. Kati yao, mia sita na kumi na mmoja wamepona."

Bwana Nakala alichapa, kisha vidole vikasimama. Alivua miwani. "Mia sita hamsini ni wote waliowahi kutibiwa pale?"

"Wote."

"Na mimi nimo?"

"Kama ulitibiwa, umo."

"Nilikwenda mara tatu, kwa ajili ya hiki kiuno." Alikigusa bila kusimama. "Nipo kwa waliopona au kwa wanaoendelea? Maana kupona sijapona, na kuendelea sikuendelea."

Mke alitoka nje na simu, akampigia Dada Kadi. Dada Kadi alijibu kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: mgonjwa asipoonekana miezi mitatu, kadi inahamia boksi la waliopona. Ndivyo mwenye kliniki alivyoelekeza. Mtu mwenye maumivu si angerudi?

"Je, kama nauli ilimwishia?" aliuliza mke. "Kama alihama?"

"Hilo, dada, mimi ningelijuaje? Mimi nilikuwa mapokezi. Asiyekuja simpokei."

Mke alisimama pale barazani kitambo. Alikifikiria kile kitambaa cha kaki. Kisha akarudi ndani na kusema, "Malizia kuchapa."

"Na mimi?" aliuliza Bwana Nakala.

"Wewe utapona tu, Mungu akipenda."

Mzee alivaa tena miwani, akamwangalia juu yake, akatikisa kichwa, akachapa.

*

Hakutaka kumdanganya mumewe. Alitaka tu asiulizwe. Akamwekea karatasi mezani, akaweka na zile kadi pembeni, akaenda kuinjika chai, masikio yakiwa sebuleni.

Mume alisoma. Kisha akaja mpaka mlangoni mwa jiko, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Mke hakuwa ameuona uso huo tangu kliniki ifungwe. "Mia sita na kumi na moja," alisema. "Mimi?"

"Wewe."

"Loo. Mimi nilidhani labda mia mbili." Alicheka kidogo, akaona haya kwa kucheka. "Unajua, kuna siku nilikuwa nalala najiuliza kama nawasaidia kweli. Kumbe."

Mke aligeukia moto. Lau ningemwacha na hiyo furaha, alijiambia, ningekosa nini? Wakati anajiambia hivyo, mume alikuwa amesharudi sebuleni na anazipekua kadi, anasoma jina moja baada ya jingine na kuguna kwa furaha, "Aa, huyu! Huyu naye!" kama mtu aliyekutana na marafiki wa shule. Halafu sauti ikabadilika.

"Mama watoto. Njoo hapa."

Alikuwa ameshika kadi moja kwa ncha za vidole. "Huyu fundi mwashi. Amepona?"

"Si kadi yake hiyo imo?"

"Huyu amekufa. Alianguka kutoka kwenye jengo. Nilikwenda kumzika mimi mwenyewe."

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Mke akamweleza yote: miezi mitatu, agizo la mwenye kliniki, kiuno cha Bwana Nakala. Mume alisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alizipanga zile kadi hamsini kama karata, akafumba macho, akachomoa thelathini.

"Kesho nawapigia hawa," alisema.

*

Siku nzima ya Alhamisi ilikwenda kwa simu. Mke alikuwa anapindia marinda huku anasikiliza, na kila "haloo" ilimchoma kuliko sindano. Wa kwanza alidhani anaombwa mkopo, akakata. Wa pili alisema, "Daktari Mgongo! Jamani! Mimi sasa nainama naokota shilingi!" na mume akacheka mpaka machozi. Wa tatu alisema mgongo ulipona lakini goti je, hawezi kuja kuliangalia bure? Wa saba, mwanamke mwenye sauti ya ukali, alimwambia alilipa mara sita na mara zote sita alirudi nyumbani akitembea kama kaa, na kama anapiga kuomba radhi amechelewa.

"Naomba radhi hivyo hivyo," alisema mume.

"Ya nini sasa?" mke alinong'ona kwa hasira. "Kata simu!"

Hakukata. Alimsikiliza yule mwanamke dakika kumi, anaandika.

Saa kumi na moja jioni hesabu ilikuwa imekamilika. Kati ya watu thelathini, kumi na saba walikuwa wamepona. Sita walipata nafuu inayokuja na kuondoka. Wanne hawakusaidika hata kidogo. Watatu hawakupatikana. Mume aliandika yote kwa mkono wake, vizuri, na chini akaongeza kwamba ile kliniki haikuwa na utaratibu wa kuwafuatilia wagonjwa, na kwamba yeye angependa kuuanzisha.

Mke alisoma. "'Wanne sikuwasaidia.' Nani anaandika hivi kwenye sivii? Unaomba kazi au unatubu?"

"Ndiyo kweli yenyewe."

"Kweli tunaijua, tunaishi nayo! Unadhani wenzako wataandika kumi na saba? Wataandika elfu! Wewe utaonekana mgonjwa mmoja ukimpata, mwingine unamkosa, kama kipofu anayerusha mawe."

"Kumi na saba katika thelathini si haba, mama watoto. Mgongo ni kitu kigumu."

"Haya mweleze kaka yangu ukiwa getini."

Mume alitazama kile kitambaa cha kaki, kisha akamtazama yeye. "Kesho asubuhi kaka yako ananitaka nikajifunze daftari la magari," alisema kwa upole. "Nimekubali. Tafadhali nipelekee hii kwa Bwana Nakala ichapwe, halafu uifikishe. Nakuamini."

*

Ijumaa, saa tano kasorobo, mke alikuwa amesimama steshenari, mbele yake watu watatu. Saa tano na dakika ishirini Bwana Nakala alikuwa amemaliza kuichapa karatasi ya pili. Zote mbili zilikuwa kwenye kompyuta, moja chini ya nyingine.

"Nitoe ipi?"

Mke alimfikiria mumewe muda huo, mahali alipo. Alipopita dukani kwa kaka asubuhi, kumpelekea miwani aliyoisahau, alimkuta amesimama juani na daftari, dereva wa lori anampigia honi na kumwambia, "We mzee, fungua geti, acha kunitumbulia macho!" Naye akakimbia. Daktari wake alikimbia kufungua geti.

"Mama, watu wanangoja," alisema Bwana Nakala. "Mimi ningeshauri ya pili. Njia ya mwongo fupi."

"Wewe umewachapia watu 'mwaminifu' miaka ishirini, uliwahi kuwapima?"

Mzee akairudia mashine yake.

"Toa ya kwanza," alisema mke.

Alifika kwenye ile kliniki mpya saa sita kasoro dakika nane, jasho limemlowesha kwapa, akaikabidhi bahasha kwa mikono miwili. Msichana wa mapokezi aliitupia kwenye trei juu ya bahasha nyingine zipatazo arobaini. Njia nzima ya kurudi mke alikuwa anajiambia kwamba hawatamwita, na kwamba wasipomwita hakuna atakayejua kitu. Kisha anajiambia Mungu wangu, wasipomwita? Hakujua aombe lipi.

Jumatano iliyofuata walimwita.

*

Siku ya usaili mke alishona mkono wa gauni kinyume mara mbili. Mume alikuwa ametoka saa mbili asubuhi, shati jeupe, viatu vinang'aa, na mdomo wake ulikuwa unachezacheza, anarudia majibu yake. Mke alitaka kumwambia mlangoni. Alifungua kinywa kabisa. Akasema, "Umechukua leso?"

Alijiandaa kwa hasira ambayo mume angerudi nayo. Alijua maneno yatakayosemwa, akaandaa na ya kujibu, na yote aliyoyaandaa hayakumridhisha. Saa tisa alasiri geti la nje lililia. Binti, aliyekuwa ndio kwanza ametoka shule, ndiye aliyemkimbilia.

"Wamenichukua," alisema mume. "Jumatatu naanza. Wamesema rekodi yangu ndiyo kubwa kuliko za waombaji wote."

Binti alipiga yowe, akarusha begi, akatoka mbio kwenda kuwaambia majirani. Mke alisimama. Kigelegele kilimfika kooni, kikakwama, kwa sababu alikuwa ameuona uso wa mumewe.

"Baba watoto, nisamehe. Mimi ndiye..."

"Najua ni wewe. Nani mwingine?" Aliketi ukingoni mwa kiti. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha mke zaidi. "Mama mwenye kliniki aliishika karatasi, akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mia sita na kumi na moja. Kisha akaniuliza, 'Daktari, hii ni kweli?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni kweli."

Mke akakaa chini.

"Nilikuwa na jibu langu," mume aliendelea. "Njia nzima nililirudia. Kumi na saba. Nawajua kwa majina. Yule anayeokota shilingi, yule dereva aliyerudi kazini. Sasa nilipoisikia ile mia sita, hao kumi na saba wakawa wachache ghafla. Nikawaonea haya, mama watoto. Watu waliosimama kwa mikono yangu hii, nikawaficha kama mtu anavyomficha ndugu yake maskini wageni wakija." Alijikuna paji la uso. "Nilitaka kukulaumu wewe. Lakini wewe uliandika tu. Mimi niliulizwa, nikajibu."

Machozi yalimtoka mke bila sauti. "Kawaambie. Jumatatu asubuhi, uwaambie tu. Hata wakikufukuza."

"Wanabandika bango barabarani Jumatatu asubuhi. Picha yangu, na namba chini yake. Wamenipiga picha tayari."

Mke alitaka kumshika mkono, lakini mlango ulikuwa umeshajaa watu. Binti mbele, nyuma yake jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na shangazi wa nyumba ya kona aliyekuja na mwiko mkononi. "Hongera, Daktari! Hongera sana! Mungu hamtupi mja wake!" Shangazi alipiga vigelegele mpaka watoto wa njiani wakachungulia. "We mama, mbona umenyamaza? Mume amepata kazi unalia? Piga!"

Mke alifuta uso kwa kiganja, akapiga. Kilitoka chembamba, lakini kilitoka.

Mume alikuwa amesimama katikati ya sebule anapeana mikono, "Ahsanteni, ahsanteni," akiinamisha kichwa kwa kila mmoja kama alivyofanya siku zote. Jirani wa kulia alimng'ang'ania mkono. "Binti anasema umewashinda wote kwa watu uliowaponya. Na wewe ulivyo kimya! Hebu tuambie, Daktari, ni wangapi hasa?"

Sebule ikatulia, wote wamemkodolea macho, wanatabasamu.

"Mia sita na kumi na moja," alisema mume, bila kumtazama mkewe.